Andiko la ruzuku limerudishwa kwa mstari mmoja: barabara, taa na uwanja vyote chali. Nani anajua hizi hela zinavyogawanywa?

#1 Korosho Ghafi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maendeleo kijijini kwetu, mkoa wa Mtwara, kule juu Makonde. Kijiji sikitaji, halmashauri siitaji. Nina kikao nao mwezi ujao na sitaki niingie nimeshanuniwa.

Msimu wa juzi mkutano mkuu ulikubali tukatwe shilingi 20 kwa kila kilo ya korosho inayopita AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima). Wazee walinung'unika lakini mikono ilinyooshwa. Ikapatikana milioni tisa na ushei. Kwa kujiamini na hiyo milioni tisa tukaandika andiko la kuomba ruzuku, mambo matatu kwa mpigo: kilomita nne za barabara kutoka lami hadi zahanati, maana masika bodaboda anamteremsha mjamzito njiani anamwambia mama malizia kwa miguu, taa za sola kumi na mbili pale gulioni, na uwanja wa mpira usawazishwe, uwekwe magoli ya chuma na choo.

Andiko limekaa miezi saba. Limerudi na mstari mmoja, kwamba halijakidhi vigezo. Vigezo gani, hakuna aliyeandika.

Kijiji jirani hawafiki nusu yetu, wamepata madarasa mawili na kalavati. Mimi nasema ni siasa, diwani wao ana watu. Mwenye ufahamu tofauti aje anisahihishe.

#2 Binti Shangani

Siasa. Uzi ufungwe.

#3 Mzee wa Ming'oko

Binti Shangani una haraka kama daladala la Mikindani. Waache wataalamu waje. Mimi nimeshatandika mkeka, ming'oko iko jikoni.

#4 Salfa Bure

Ruzuku si ndiyo ile ya salfa, dawa ya mikorosho? Kwetu ilikuja, ila marehemu babu yangu alipangiwa mifuko mingi kuliko mimi niliye hai.

#5 Korosho Ghafi

@Salfa Bure hiyo ni ya pembejeo mkuu. Neno ni moja, mfuko ni mwingine. Mpe pole babu.

#6 Mipango Mstaafu

Korosho Ghafi, pole. Nilikaa idara ya mipango miaka 19 kwenye halmashauri mbili za kusini. Sasa nafuga kuku, kwa hiyo naweza kusema.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na ruzuku ya maendeleo ya serikali za mitaa, tuliizoea kwa jina la LGCDG. Ile haikuwa ya kuombea andiko. Ilishuka kwa fomula: asilimia 70 idadi ya watu, 20 umaskini, 10 ukubwa wa eneo. Halafu kila mwaka wanakuja watu wa tathmini. Hesabu zikiwa chafu, hamuoni senti mwaka unaofuata. Mkifanya vizuri mnaongezewa asilimia 20, mkifanya ovyo mnakatwa asilimia 20. Wiki ya tathmini ofisi nzima ilinuka gundi, tunabandika mihtasari ya vikao ambavyo... niishie hapo.

Ninachotaka uone ni hiki: watu wengi vijijini bado wanaamini kuna dirisha mahali fulani, unapeleka andiko zuri, linasomwa, unapewa hela. Dirisha hilo kwa sehemu kubwa halipo. Hela za serikali zinapita kwenye bajeti, na bajeti ina ukomo unaotoka juu. Andiko lenu, kama halikupita KAMAKA (kamati ya maendeleo ya kata) likaingia kwenye mpango wa halmashauri kabla ukomo haujajaa, ni barua tu.

Kwa hiyo kabla ya siasa, niambie: liligongwa muhuri mwezi gani?

#7 Kapteni Kitunda

Mzee Mipango umenikumbusha machungu. Hiyo asilimia 10 ya eneo ndiyo iliyotumaliza Lindi. Mkoa wetu unakaribia kilomita za mraba 66,000, Mtwara hawafiki 17,000. Sensa ya 2022 wao walikuwa milioni 1.6 na kitu, sisi milioni 1.2. Sasa ukigawa hela ya barabara kwa vichwa, Liwale anapata nini? Greda linahesabu kilomita, halihesabu watu. Kutoka Nachingwea kwenda Liwale masika, hata ungekuwa na fomula ya dhahabu, unalala njiani.

Msipotoe watu kwamba fomula ni haki kwa sababu ni hesabu.

#8 Mzee wa Ming'oko

Lindi mmeanza. Mkipewa kwa eneo mtataka na nyumbu wa hifadhini wahesabiwe.

#9 Kapteni Kitunda

Nyumbu wetu wanalipa kodi kuliko kangomba wenu, wale wanunuzi wa korosho wa magendo.

#10 Boda wa Nanguruwe

Mimi najua kitu kimoja. Kwenye kila lita ya mafuta ninayoweka kuna hela ya barabara. Mfuko wa Barabara unagawa, asilimia 70 TANROADS, wale wa barabara kuu, na 30 halmashauri. Hiyo 30 ya halmashauri ndiyo ingechonga kilomita nne za Korosho Ghafi. Wanaila.

#11 Injinia Vumbi

Sahihisho, Boda. Hiyo 30 haiendi halmashauri tangu Julai 2017, ilipoanza TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mkurugenzi hana greda, hana hela ya barabara, hana injinia wa barabara. Na mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa lita mahsusi kwa TARURA, hiyo nayo unailipa kila ukijaza tangi.

Ila hapa ndipo vijiji vingi vinapigwa chenga. TARURA inahudumia barabara iliyo kwenye mtandao wake, yaani imesajiliwa, ina namba, ina urefu unaojulikana. Kama njia yenu ya zahanati ni ile mliyoifyeka wenyewe kwa mapanga mwaka zahanati ilipojengwa, kwenye kompyuta yao haipo. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kupangiwa matengenezo. Hapo hata mngechanga milioni tisini.

Mimi ni mkandarasi mdogo, si mtumishi, ila nimeona hii mara tatu. Mara moja tulipeleka greda mpaka mwanzo wa barabara, diwani amevaa kanzu, ngoma inapigwa, ikaonekana namba iliyo kwenye mkataba ni ya barabara ya kitongoji kingine. Tukageuza. Ngoma iliendelea kidogo maana mpigaji hakuambiwa.

#12 Korosho Ghafi

@Injinia Vumbi duh. Ni kweli tuliifyeka wenyewe, 2009. Mimi mwenyewe nilikuwemo, nina kovu. Inasajiliwaje?

@Mipango Mstaafu mtendaji anasema muhuri wa kupokelewa ni mwezi Mei.

#13 Mipango Mstaafu

Mei! Mwaka wa serikali unaisha Juni 30. Mwezi Mei Bunge liko Dodoma linapitisha bajeti iliyoandaliwa tangu mwaka uliotangulia. Mmeleta mchuzi wageni wameshanawa.

Kijiji kinatakiwa kiwe kimemaliza kupanga vipaumbele vyake, ile mbinu ya kuorodhesha fursa na vikwazo, kabla ya mwaka mpya, Oktoba, Novemba hivi. Ni msimu wa minada, najua, hakuna anayekaa kikao. Ndivyo ilivyo.

#14 Injinia Vumbi

Kusajili: muhtasari wa mkutano wa kijiji, upite KAMAKA, uende kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Yeye anapeleka watu wapime. Si kazi ya wiki. Na kusajiliwa si kutengenezwa, hapo umepata namba ya foleni tu.

#15 Binti Shangani

Naona mnamzungusha mwenzenu. Mimi nakaa mjini, Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Miaka ile ya TSCP, mradi wa kuboresha miji, barabara za lami na taa zilikuja bila mtu kuchanga shilingi kwenye korosho. Kwa nini mjini ruzuku inakuja yenyewe na kijijini inaombwa kwa machozi?

#16 Mipango Mstaafu

TSCP haikuwa ruzuku, mama, ulikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtwara-Mikindani iliingia pamoja na Arusha, Dodoma, Kigoma-Ujiji, Mbeya, Mwanza na Tanga.

#17 Kapteni Kitunda

Mipango nakupinga kidogo. Kwa Hazina ni mkopo, kwa halmashauri ni ruzuku. Mkurugenzi wa Mtwara hadaiwi na Washington. Manispaa ya Lindi nayo ilikuwa kwenye ule mwingine wa miji 18, ULGSP, hela zilikuwa zinakuja kwa alama, ukifaulu upimaji unapata, ukifeli unapunguziwa. Mwananchi ukimuuliza atasema serikali imetoa. Deni analilipa mjukuu wake bila kujua ni la taa gani.

Na sasa TACTIC, miji 45. Angalia neno: miji. Hakuna TACTIC ya vijiji.

#18 Mipango Mstaafu

Sawa Kapteni, hapo nimekubali. Kuku wananisumbua akili.

#19 Mama Gulio

Mimi hapa naomba nizungumzie taa, maana mnaongea barabara tu kwa sababu wote wanaume mna pikipiki.

Kijijini kwetu (wilaya ya Lindi, nako sitaji) tuliletewa taa za sola sita sokoni. Mfadhili alikuja, akapiga picha, tukacheza. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunauza samaki hadi saa nne usiku. Mimi peke yangu niliongeza ndoo mbili za dagaa kwa wiki. Mwaka wa pili taa mbili zikaanza kuzima saa mbili usiku. Mwaka wa tatu betri za taa tatu zikaibiwa usiku mmoja. Tukaenda kwa mtendaji, mtendaji akasema taa si zake. Halmashauri wakasema hawajakabidhiwa. TANESCO wakacheka, taa haina hata waya wao. REA wao wanatuletea nguzo na laini, ukiunganishiwa nyumba unalipa elfu 27, lakini taa ya barabarani si kazi yao.

Zile nguzo zimebaki. Watu wanafungia mbuzi.

Kwa hiyo mimi ningekuwa naligawa hilo fungu la ruzuku, andiko la Korosho Ghafi ningelirudisha mimi mwenyewe. Andiko linasema nani atanunua betri mwaka wa tatu?

#20 Korosho Ghafi

@Mama Gulio hapana dada, halisemi. Tuliandika "jamii itasimamia".

#21 Mama Gulio

Jamii ndiyo iliyoiba betri.

#22 Salfa Bure

Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto.

#23 Mtoto wa Songosongo

Wakuu tuache unafiki. Kusini tunaombaje taa? Gesi ya Songo Songo inatoka Kilwa, imeanza kutumika 2004. Ya Mnazi Bay iko Mtwara. Bomba la zaidi ya kilomita 500 likazinduliwa 2015 kupeleka Dar. Watu waliumia 2013 kwa kulipinga bomba hilo. Tukapozwa na kuunganishiwa umeme kwa 99,000 kipindi kile. Kama kuna haki, kijiji cha Mtwara hakipaswi kuandika andiko la taa. Taa zingekuja zinatutafuta.

#24 Injinia Vumbi

Kuna ushuru wa huduma, ule uliokuwa asilimia 0.3 ya mauzo, kampuni zinalipa halmashauri. Kilwa wamekuwa wakipata kutokana na gesi. Hiyo si ruzuku, ni mapato ya ndani, madiwani wanapanga wenyewe. Swali mwulize diwani wako zimewasha taa ngapi.

#25 Mtoto wa Songosongo

Nimemwuliza. Hapokei simu yangu tangu hapo.

#26 Kangomba Mstaafu

Nyie mnaongea gesi, mimi naongea korosho. Ushuru wa korosho ghafi kwenda nje, asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao, 35 Hazina. Mwaka 2018 sheria ya fedha ikabadilishwa, yote ikaenda mfuko mkuu. Wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni mpaka sauti zikakauka. Pale ndipo ruzuku ya Korosho Ghafi ilipopotelea. Ile hela ndiyo ilikuwa mkoba wetu.

#27 Mipango Mstaafu

Kangomba, ile 65 ilikuwa ya zao: utafiti, pembejeo, ubanguaji. Haikuwa ya magoli ya mpira. Usichanganye.

#28 Kangomba Mstaafu

Mkulima akipata salfa kwa wakati anavuna zaidi, akivuna zaidi ile shilingi 20 kwa kilo inakuwa milioni kumi na tano badala ya tisa, anajenga goli lake mwenyewe bila kukuomba wewe muhuri. Nimechanganya wapi?

#29 Mzee wa Ming'oko

Hapo mzee wa kuku umepigwa tobo.

#30 Refa wa Mchangani

Naomba niseme la uwanja, maana ndilo ninalolijua na ndilo mmelipita.

Nimechezesha mechi vijiji visivyopungua thelathini, Mtwara na Lindi. Kila nikifika nauliza uwanja wa nani. Majibu huwa manne. Wa shule. Wa msikiti. Wa mzee fulani aliyeutoa kwa mdomo mwaka 1978, na wanawe wapo kwenye mstari wa pembeni wanatazama. Au wa chama. Angalia hata Nangwanda Sijaona hapo mjini: timu ya Ndanda imecheza ligi kuu pale, Mwenge wa Uhuru umewashwa pale 2023, watu wengi wanadhani ni wa serikali. Ni wa CCM. Viwanja vingi vya nchi hii vilijengwa kwa nguvu za wananchi enzi za chama kimoja, vikabaki kwa chama.

Sasa hela ya umma kuiweka kwenye ardhi isiyo ya umma, mkaguzi atamla mtu nyama. Hapo hakuna siasa, hapo mkurugenzi anaogopa hati yenye shaka. Kijiji kimoja, sikitaji, walisawazisha uwanja vizuri kabisa kwa michango. Msimu uliofuata mtoto mkubwa wa mwenye shamba akarudi kutoka Dar, akapanda mikorosho kwenye eneo la penalti. Alikuwa na haki. Kesi ikaishia baraza la ardhi la kata, timu ikahamia barabarani.

Korosho Ghafi, uwanja wenu ni wa nani?

#31 Korosho Ghafi

@Refa wa Mchangani ni wa kijiji. Nadhani. Upo jirani na shule ya msingi.

#32 Refa wa Mchangani

"Jirani na" au "ndani ya"? Mwalimu mkuu anasemaje?

#33 Korosho Ghafi

Mwalimu mkuu anausema ni wa shule kila tukitaka kupiga disko, na ni wa kijiji kila nyasi zikirefuka.

#34 Refa wa Mchangani

Basi jibu umelipata. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji mnao? Eneo la michezo limechorwa? Kama halijachorwa, pelekeni mkutano mkuu, liandikwe, mipaka ipandwe miti. Hakuna gharama kubwa hapo. Mkiwa na huo mchoro ndipo mwombe.

#35 Binti Shangani

Bado nasema siasa. Mmeeleza muhuri wa Mei, usajili, betri, mwenye uwanja. Hayo madarasa mawili ya jirani je? Walikuwa na mchoro?

#36 Ticha wa Masasi

Nijibu hilo la madarasa, maana mimi ni mwalimu na nimekaa kamati ya ujenzi. Madarasa hayatoki chungu kimoja na barabara wala uwanja. 2021 kulikuwa na zile trilioni 1.3 za UVIKO, sehemu yake ikaenda madarasa. Baadaye ikaja BOOST ya shule za msingi. Hela inaingia akaunti ya shule moja kwa moja, na shule inachaguliwa kwa takwimu za msongamano: watoto wangapi kwa chumba. Kijiji kidogo chenye shule yenye vyumba vitatu kinaweza kupata, kijiji kikubwa chenye vyumba kumi kikakosa. Diwani anakuja siku ya kuzindua, anasema nimewaletea.

Kwa hiyo jirani yenu hakuwashinda. Alikuwa anacheza ligi nyingine.

#37 Binti Shangani

Na kalavati?

#38 Ticha wa Masasi

Kalavati sijui dada yangu, mimi ni wa Hisabati.

#39 Injinia Vumbi

Kalavati inaweza kuwa hela za dharura. Baada ya mvua za 2024, ile ya Kimbunga Hidaya, njia kuu ya Lindi kwenda Dar ilikatika, na vijijini madaraja madogo yalikwenda kibao. Palipokatika pakatengenezwa kwanza. Inawezekana jirani alipata kwa sababu mvua ilimchagua. Kwenu mvua haikuvunja kitu?

#40 Korosho Ghafi

Haikuvunja. Hakuna kitu cha kuvunja, ni mchanga.

#41 Kapteni Kitunda

Hahaha. Kusini ili upate daraja lazima kwanza uwe nalo.

Ila wakuu, usafiri si barabara tu. Sisi wa Lindi mjini tuna MV Kitunda inavusha kwenda ng'ambo. Siku ikiharibika unapanda mtumbwi na sare ya ofisi, viatu mkononi. Mtwara wana MV Mafanikio, Msemo kwenda Msangamkuu. Vivuko ni vya TEMESA, wakala wa serikali, vina fungu lao, na wala hakuna mwananchi anayeandika andiko. Tunaandika malalamiko tu.

#42 Mzee wa Ming'oko

Na reli mmeisahau. Mwingereza alijenga reli ya karanga kutoka Mtwara hadi Nachingwea, mradi wa karanga ukafa, reli ikang'olewa miaka ya 1960. Baba yangu aliuziwa kipande cha chuma cha reli, ndicho kengele ya shule yetu hadi leo. Hiyo ndiyo ruzuku pekee ya usafiri iliyofika kijijini kwetu.

#43 Boda wa Nanguruwe

Sasa kengele inasafirisha nini mzee?

#44 Mzee wa Ming'oko

Watoto, kwenda darasani.

#45 Mpambe wa Jimbo

Mmezunguka sana, njia fupi ipo. Mfuko wa Jimbo, sheria ya 2009. Unachochea miradi ambayo wananchi wameshaanza. Milioni tisa ya Korosho Ghafi ni kigezo kamili cha kuchochewa. Aandike upya, kitu kimoja tu, apeleke kwa kamati ya mfuko. Kwetu tulipata mabati na saruji hivyo hivyo.

#46 Binti Shangani

Na mwenyekiti wa hiyo kamati ni nani?

#47 Mpambe wa Jimbo

Mbunge.

#48 Binti Shangani

Asante. Nilisema tangu post namba 2.

#49 Mipango Mstaafu

Binti una hoja lakini si yote. Kamati ina madiwani pia, na ofisa mipango ndiye katibu. Nimewahi kukaa kiti hicho. Na hela yenyewe ni ndogo, ukigawa kwa kata zote za jimbo inabaki ya kununua mabati ya chumba kimoja. Kilomita nne hazichongwi na Mfuko wa Jimbo.

Lakini nakubaliana na Mpambe kwenye jambo moja. Andiko la mambo matatu kwa mpigo ni kosa. Barabara ni TARURA. Taa ni halmashauri, kwa mapato ya ndani. Uwanja ni kijiji chenyewe kwanza. Mmeandika barua moja kwa milango mitatu, kila mlango umesoma theluthi yake ukaona zilizobaki hazimhusu.

#50 Mama Gulio

Mzee Mipango, na huko ofisini kwenu hakukuwa na mtu wa kuandika sentensi hiyo hiyo kwenye barua? Miezi saba. Mistari minne tu, TARURA, halmashauri, kijiji, rudieni. Wangekufa?

#51 Mipango Mstaafu

Nimekosa la kusema. Barua kama hizo nimesaini nyingi.

#52 Ticha wa Masasi

Mzee heshima yako. Wengi wasingekiri.

#53 Kangomba Mstaafu

Mimi bado niko kwenye ile 65.

#54 Mtoto wa Songosongo

Na mimi kwenye gesi. Huu ufundi wa mihuri ni wa kutusahaulisha hesabu kubwa.

#55 Injinia Vumbi

Korosho Ghafi, hiyo milioni tisa iko wapi sasa? Nashauri msiimwage. Tafuteni lori la kifusi, mjaze zile sehemu mbili tatu korofi tu, zile bodaboda anaposhusha watu. Sehemu korofi hazizidi mita mia tatu kwenye barabara nyingi za mchanga huko juu. Ila mwambieni meneja kwanza, msije mkaambiwa mmeharibu barabara ambayo haipo.

#56 Korosho Ghafi

Wakuu nimeandika yote kwenye daftari, nashukuru. Kuhusu hela, nikiri. Imebaki milioni saba na laki nane. Kijana fundi wa kuchomelea pale center alishalipwa, tukamwambia ruzuku inakuja, akatengeneza magoli mawili ya chuma, mazuri sana, yana rangi nyeupe. Yako nyuma ya nyumba ya mwenyekiti tangu Agosti maana uwanja haujajulikana ni wa nani.

#57 Refa wa Mchangani

Ya saizi gani? Isije ikawa kama yale ya Ruponda, kipa akinyoosha mikono amemaliza goli.

#58 Korosho Ghafi

Saizi halali, nilipima mwenyewe. Kwa sasa mke wa mwenyekiti anaanikia makopa.

#59 Mama Gulio

Mnauza moja? Mimi chanja ya kuanikia dagaa imenikatikia.